Ijumaa za mama: siku zangu kumi Arbroath, mji wa pwani kule Scotland

Wakuu, hamjambo.

Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Baba ndiye alinionyesha hii forum, na nimesoma nyuzi zenu karibu mwaka mzima bila kuweka hata like. Leo nimeamua kuandika. Kila kitu hapa kimetokea, na mengine nimenakili kutoka kwa daftari langu vile niliandika siku hiyo hiyo. Nimeacha tu majina.

Niko na miaka kumi na saba. Sisi ni Wakenya, watu wa upande wa Kisumu, lakini nimekulia Doha tangu nikiwa darasa la pili. Tunaishi Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya nne, mimi na baba. Baba anafanya kazi ya computer katika ofisi moja. Mimi niko sekondari, ni mtoto wao wa pekee, na ni mtu wa aibu. Sio aibu ya kuigiza. Mwalimu akiita jina langu kwa register masikio yanapata moto.

Mama alikuwa hapa na sisi mpaka miaka miwili iliyopita. Kazi yake ya kliniki ilipoisha, akapata ya kutunza wazee huko Scotland.

Mpango ulikuwa atangulie, sisi tufuate. Halafu sheria zao zikabadilika, mtu wa kazi kama yake haruhusiwi tena kuleta familia. So akabaki kule, tukabaki huku.

Sasa lazima niwaeleze kitu kuhusu Ijumaa, la sivyo hamtaelewa hii story.

Hapa Qatar wikendi ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili ni siku ya kazi na ya shule kama Jumatatu yenu. Kwa hivyo sisi Wakristo wa huku tunaenda kanisa Ijumaa. Nimevaa nguo za kanisa kila Ijumaa tangu nikiwa mdogo. Baada ya kanisa tunakula nyumbani, au tunaalikwa Muaither kwa familia fulani yenye nyumba kubwa, watoto wanajaa mpaka kwa ngazi.

Na Ijumaa saa nane mchana mama alikuwa anapiga video call. Kila Ijumaa, hajawahi kukosa.

Mimi ndiye nilikuwa nakosa.

Niseme ukweli hapa kwa sababu nyinyi hamnijui. Miezi ya kwanza nilikuwa nakaa pale kwa meza na baba. Lakini nikimwona mama naanza kulia, na kwa hiyo call unajiona mwenyewe kwa ile kona ndogo, uso umevimba, pua imekuwa nyekundu. Mama naye akiniona anaanza. Baba anabaki kusema network ni mbaya na network haina shida yoyote.

So nikaacha kukaa. Saa nane ikikaribia naingia bedroom, nasema nina homework. Baba anasema "kuna mtu hapa anakusalimia", nami napiga kelele kutoka ndani, "Hi mum". Hiyo ilikuwa karibu mwaka.

Mwezi wa saba uliopita, shule zikiwa zimefungwa, nikapata visa ya kumtembelea. Baba hakupata likizo. Usiku wa kufunga begi aliniambia kitu kimoja tu. "Usianze kumuuliza mama yako mambo ya kurudi. Anaamua mkataba wake mwaka huu. Usimchanganye."

Nikasema sawa. Lakini wakuu, mimi nilikuwa naenda kwa hiyo tu. Nilikuwa nimeiandika kwa daftari: "Mama, rudi." Maneno mawili. Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo.

Nilifika Edinburgh Alhamisi, mama akanipokea, tukapanda treni inayofuata bahari mpaka Arbroath.

Wacha niwaambie kuhusu huo mji kidogo.

Ni mji mdogo wa wavuvi, wa zamani sana. Mawe yake ni mekundu, kama matofali ya udongo wa kwetu lakini hakuna mtu aliyapaka rangi. Kuna kanisa kubwa la watawa wa kale, limebaki kuta tu, na juu kabisa kuna tundu la duara ambalo lilikuwa dirisha. Mama alisema zamani walikuwa wanawasha moto ndani yake ili mabaharia wajue nchi kavu iko wapi.

Bahari yao sio kama yetu ya Al Wakrah, karibu na Doha. Ya Al Wakrah mwezi wa saba ni chai, unaingia na hakuna tofauti. Hii ya Arbroath niliweka kidole cha mguu nikahisi mpaka kwa meno. Na watoto wa huko walikuwa wanaogelea.

Kuna samaki wanamwita smokie. Wanawafunga wawili wawili kwa mkia, wananing'iniza juu ya moto wa kuni na kufunika na magunia yenye maji. Niliponusa mara ya kwanza nilisimama barabarani. Ni harufu ya kwa nyanya yangu kule Kisumu. Mama alikuwa ananiangalia tu, akasema, "Hata mimi siku ya kwanza nilisimama hapo hapo."

Turudi kwa story.

Mama anaishi juu ya duka karibu na bandari, pamoja na mfanyakazi mwenzake, Auntie Prossy, Mganda wa Masaka. Auntie Prossy aliwahi kufanya kazi hoteli hapa Doha, kwa hivyo anajua maisha yetu. Anaongea sana na anacheka kabla hajamaliza kusema.

Asubuhi yangu ya kwanza nikaamka, nikaoga, nikavaa gauni langu la kanisa, viatu, handbag ndogo, nikatoka sebuleni nikakaa nikingoja.

Auntie Prossy alikuwa anakunywa chai akiwa na uniform ya kazi. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Nyabo," yaani bibie kwa Kiganda, "unaenda harusi ya nani?"

"Kanisa," nikasema.

"Leo?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Ilikuwa Ijumaa. Nje ya dirisha watu walikuwa wanaenda kazini, lori la samaki linapakia, na mimi nimekaa kama sanamu na handbag kwa magoti. Sikuwaza hata kidogo. Mwili ndio ulijiamsha.

Auntie Prossy alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mtoto wa Doha. Huku Mungu anafungua Jumapili."

Mama alitokea jikoni akiwa bado na nguo za nyumbani. Yeye hakucheka sana.

Nikamuuliza, "Na wewe mbona hauendi kazi?"

"Ijumaa ndio off yangu."

"Kila Ijumaa," Auntie Prossy akasema akivaa koti. "Kule kazini wanamwita Mrs Friday. Muulize kwa nini."

"Prossy, utachelewa basi," mama akasema. Kisha akaniambia, "Kunywa chai kwanza." Hakueleza, na mimi kuuliza mara mbili siwezi.

Lakini siku hiyo nilijionea.

Ilipofika kama saa sita kasorobo mchana, saa za huko, mama akaingia kuoga. Akatoka amevaa blauzi nzuri, ile ya kijani. Akavaa hereni. Akapaka lipstick kidogo, akaifuta, akapaka tena. Akaleta vitabu viwili kwa meza ya dirishani, akaegemeza simu, akajiangalia, akasogeza kiti mwanga umpate usoni. Halafu akakaa, mikono kwa magoti, akingoja dakika ziishe.

Mimi nilikuwa kwa sofa. Sikujua kwamba kuna maandalizi. Kule Doha simu inalia tu na mama anatokea, kama TV.

Saa sita kamili, saa nane ya Doha, akapiga.

Baba akaonekana. Tulivyozoea nyumbani, anaweka simu mwisho wa meza ili wote tutoshee. Kulia ni baba, na kushoto kwake ni kiti changu. Wakuu, kiti kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, tayari, hakuna mtu. Na baba anaongea, na upande wa kiti changu kwa screen ni ukuta tu na kalenda.

Nikaelewa hiyo ndiyo picha mama ameangalia mwaka mzima. Alivaa hereni kuangalia kiti.

Nilienda bafuni nikafungua maji.

Jumapili mama aliamka mapema akaenda kazi. Akaniambia niende kanisa na Auntie Prossy, ambaye siku hiyo alikuwa off. Kanisa lilikuwa na watu wachache, wazee wa huko wengi, Wahindi kidogo, Wanigeria familia mbili. Baada ya ibada wanakunywa chai na keki kwa ukumbi wa nyuma na wanaongea kweli kweli, sio kusalimiana tu. Bibi mmoja akaniuliza mimi ni wa nani. Nikataja jina la mama na mahali anafanya kazi.

Akafikiri. Akasema amewahi kusikia jina hilo kwa Prossy, lakini hajawahi kumwona.

Miaka miwili, mji mdogo hivyo.

Tukirudi kwa miguu nikajikaza nikamuuliza Auntie Prossy. Alinijibu bila kucheka mara hii.

"Hapa Jumapili kila mtu anataka off. Ijumaa hakuna anayelilia. Mama yako alienda kwa manager wiki ya kwanza akasema, mimi nipeni Ijumaa, Jumapili zote nitafanya. Zote. Hata Christmas ikiangukia Jumapili angefanya. Kwa sababu eti Ijumaa ndio mko nyumbani wote, mnakula."

"Lakini si angepiga jioni, baada ya kazi?"

"Jioni akipiga baba yako anakuwa amechoka na wewe una shule. Alitaka awakute mezani. Mtu wa kuongea naye hapa ni mimi tu, na mimi naongea kupita kiasi. Angekuwa amepata marafiki sasa. Marafiki wa hapa wanapatikana kwa ile keki."

Seagull mmoja alikuwa amemnyang'anya mtalii chips, watu wanacheka, na mimi natembea tu.

Jumanne mama akiwa kazini nilitembea peke yangu mpaka makumbusho madogo karibu na bandari. Ni nyumba nyeupe yenye mnara. Ndani kulikuwa na mzee anajitolea kuwaeleza wageni, na nilikuwa mgeni wa pekee, so hakukuwa na pa kujificha.

Alinionyesha kwa dirisha, mbali sana baharini, kitu kama sindano. Akasema ni mnara wa taa uliojengwa juu ya mwamba, unaitwa Bell Rock. Zamani wanaume walikuwa wanakaa kule wiki na wiki kutunza taa, na wake na watoto wao walikuwa wanaishi katika nyumba hii tuliyosimama. Kila asubuhi wa kule walikuwa wanainua tufe kubwa juu ya mlingoti, maana yake tuko salama. Na wa huku wakiliona wanainua la kwao. Hata mtoto akizaliwa, alisema, walikuwa wanapandisha suruali kwa mlingoti akiwa mvulana na gauni akiwa msichana, ili baba aone kwa darubini.

Mimi siongei na watu nisiowajua, lakini niliuliza. "Na wa huku wasipoinua la kwao?"

Lafudhi yake ilikuwa ngumu, akarudia polepole. "Basi wa kule wanashinda na wasiwasi siku nzima. Wafanye nini? Ni bahari."

Nilikaa pale mpaka akaja kuniambia wanafunga.

Sasa ikafika Ijumaa ya pili. Ndege yangu ilikuwa Jumapili. Kama sitasema siku hiyo sitasema tena, na nilijua mkataba unaamuliwa mwaka huu, na nilijua anangoja labda kusikia kitu.

Saa sita mama akavaa hereni. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye. Baba akatuona wote wawili upande mmoja, na yeye akawa peke yake upande ule, akasema, "Haya, leo ni mimi nimefungiwa nje." Tukaongea mambo ya AC imeharibika na joto. Mama alikuwa ameshika mkono wangu chini ya meza muda wote.

Baba alipokata, nikasema kabla sijapoteza nguvu.

"Mama, rudi."

"Nirudi wapi?"

"Doha. Ama Kisumu. Mahali tutakuwa wote."

Akatoa hereni moja. Halafu nyingine. Akaziweka kwa kisahani.

"Nilisaini mwezi wa tano," akasema. "Miaka miwili mingine."

Sikujua nifanye nini na uso wangu.

"Baba anasema unaamua mwaka huu."

"Baba yako hajui bado nilisaini. Nilitaka nikuone kwanza. Nilikuuliza, nyathina." Hiyo ni Kijaluo, ni mtoto wangu. "Nilikuandikia nikakuuliza, nikiongeza miaka miwili utakuwa sawa?"

Na nikakumbuka. Nilikuwa kwa bus ya shule, wenzangu wanaangalia kitu kwa simu na kucheka. Nilimjibu, "Niko sawa tu mum, fanya venye unaona." Na ile emoji ya dole gumba. Niliandika kwa sekunde labda tano.

"Nilidhani umezoea," mama akasema. "Hukuwa unakuja kwa simu. Nikasema amekua, ana maisha yake, si vizuri nimsumbue."

"Sijazoea."

"Hata mimi."

Ndio hivyo. Hatukupiga kelele, hatukukumbatiana kama kwa sinema. Tulilia kidogo, kila mtu akiangalia bandari, halafu mama akasema tupike kabla Prossy arudi na njaa yake.

Tukiwa tunakata vitunguu, ambavyo vilisaidia kuficha, nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimekifanyia mazoezi.

"Anza kuchukua Jumapili."

"Jumapili uko shule."

"Natoka saa nane. Tisa niko nyumbani."

"Ijumaa ndio nawapata wote mezani."

"Ijumaa mimi nilikuwa bedroom, mama."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza nakubali kwa mdomo. Nilidhani atakasirika. Aliweka kisu chini akaanza kucheka, kile kicheko cha kukosa pumzi, akasema, "Na ile homework yote, hata maksi hazikupanda." Ikabidi nicheke pia.

Alikataa siku hiyo. Jumamosi akakataa tena. Jumapili aliomba ruhusa kazini anisindikize, na kwenye stesheni ya treni akasema ataongea na manager.

Baba alipopata habari ya mkataba alinyamaza siku mbili. Hiyo ni yao, sitaiandika hapa.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja. Manager alikubali, Ijumaa mama anafanya kazi, hapigi tena. Baada ya kanisa mimi na baba tunakula tukiangaliana, na ni ngumu, sitadanganya. Ile saa nane inapita na simu imelala tu.

Jumapili nikitoka shule sipiti dukani na wenzangu. Nafika, natoa viatu, nakaa kwa meza na uniform hivyo hivyo. Saa tisa mama anapiga, na kule sasa ni saa sita kwa sababu wakati wa baridi wanarudisha saa nyuma, wametoka kanisa. Anapiga akiwa ndani ya ule ukumbi wa chai na keki. Hana muda wa kupanga vitabu wala kutafuta mwanga, naona nusu ya uso na dari.

Jumapili iliyopita alikuwa ananiuliza kuhusu mtihani wa Chemistry. Mtu nyuma yake akamwita kwa jina lake, jina kabisa, akamletea sahani. Mama akaniambia, "Ngoja kidogo," akageuka. Nikabaki naangalia sikio lake na shingo. Anamweleza mtu kitu kwa Kiingereza, wanacheka, mwingine anaingilia. Ilikuwa kama dakika tatu. Sijui walikuwa wanacheka nini.

Nilitaka sana kuwa kule. Na sikukata.

Nililojifunza wakuu ni hili tu, na nimelipata kwa bei mbaya. Mzazi wako akikuuliza uko sawa na hauko sawa, usimjibu kwa haraka ukiwa kwa bus. Kuna kitu anaamua kwa hilo jibu na wewe hujui. Na kama unalia kwa simu, lia. Afadhali akuone umevimba kuliko aangalie kiti.

Wenye mzazi au mtoto yuko mbali, nyinyi huwa mnapigiana siku gani, na ni nani kwenu hujificha simu ikilia? Niambieni hapo chini. Nitasoma zote, ingawa kujibu kila mtu sijui kama nitaweza. Aibu bado iko.